Kufungua duka la mtandaoni ukiwa Mtwara au Lindi: piga kwanza hesabu ya kusafirisha mzigo, tovuti baadaye

#1 Mchuuzi wa Kusini

Wakuu, habari za wikiendi. Mtwara kuchele.

Vijana wengi wa hapa na wa Lindi wananifuata PM na swali lile lile: "Kaka, nataka kufungua duka la mtandaoni, kutengenezewa tovuti ni shilingi ngapi?" Kujibu mmoja mmoja siwezi tena, naweka yote hapa na wenye uzoefu waongeze nyama. Mimi nauza korosho zilizobanguliwa na kukaangwa. Fremu sina, nafungashia nyumbani Chikongola kwenye chumba nilichokitenga kwa kazi hiyo. Wateja wangu karibu wote wako Dar, wachache Dodoma na Arusha. Kwa hiyo ninayoyasema yanamhusu mtu ambaye bidhaa iko huku Kusini na mwenye hela yuko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo.

Bei ya tovuti mnaiuliza mapema mno. Cha kwanza kujua ni hiki: pakiti moja ya bidhaa yako, kutoka stendi ya Mkanaledi mpaka mlangoni kwa mteja Dar, inakula shilingi ngapi? Kama hujui, usimpe mtu hata mia ya tovuti.

Nawapa hesabu ya mfano. Bei zinapanda na kushuka na msimu, kwa hiyo shikeni namna ya kupiga hesabu, namba zenyewe mtaweka za kwenu. Tuseme kilo ya korosho nzima umeipata kwa 22,000. Nusu kilo ni 11,000. Mfuko mzito wa zipu 600, lebo 200, mkaa na chumvi na mkono wa mkaangaji 500. Umeshafika 12,300 na mzigo bado uko chumbani. Sasa mteja mmoja wa Tabata kaagiza nusu kilo, na duka umeandika 16,000. Ofisi ya vifurushi ya basi haikupimii kwa mizani, jamaa anaangalia boksi kwa jicho anakwambia 5,000. Basi likifika Mbagala, boda mpaka Tabata tuseme 6,000. Mteja anatakiwa alipe 11,000 ya usafiri kwa korosho za 16,000. Hatalipa, na hata mimi nisingelipa.

Dawa yake ni kukusanya. Nina siku za kutuma, Jumanne na Ijumaa. Oda zote zinaingia kwenye boksi moja kubwa, kila pakiti ina jina na eneo la mteja kwa maandishi makubwa. Boksi la pakiti 20 nikililipia 15,000, kila pakiti imebeba 750 tu. Mbagala nina mtu wangu anayelipokea na kugawa kwa boda, namlipa 500 kwa pakiti. Gharama imekuwa 13,550. Nikiuza 16,000 nabaki na 2,450, kabla ya makato ya malipo na pakiti itakayochanika njiani. Boda analipiwa na mteja kulingana na anapokaa, na anaiona bei hiyo kabla hajalipa.

Hizo siku mbili zimenipangia na kazi zingine zote. Korosho ina mafuta mengi, ukiikaanga ikakaa kwenye joto letu hili inaanza kutoa harufu ya mafuta ya zamani. Hivyo nakaanga Jumatatu na Alhamisi tu, kwa oda zilizokwisha kulipiwa na akiba kidogo. Na mteja ukimwambia "mzigo unatoka Jumanne, Jumatano unao mkononi" hana shida kabisa. Shida inaanza pale unapomwambia "leo leo" halafu simu huipokei.

Nakuja na malipo na tovuti. Ngoja kwanza nikale ming'oko, imeiva.

#2 Binti wa Ligula

Kaka Mchuuzi asante sana kwa uzi. Mimi ni mgeni kwenye hizi kazi, naomba kuuliza kabla sijaenda mbali. Hizo korosho unazitoa wapi? Maana nasikia ukikutwa na korosho nyumbani unaitwa kangomba na mzigo unachukuliwa.

#3 Mchuuzi wa Kusini

Dada swali zuri na watu wengi wanaliruka. Kangomba ni kumfuata mkulima shambani ukamnunulia korosho ghafi nje ya mfumo. Korosho ghafi zinapita chama cha msingi cha ushirika, zinaingia ghalani kwa stakabadhi, zinauzwa mnadani. Huko wewe na mimi hatuna kazi.

Sisi tunanunua zilizokwisha kubanguliwa, kwa kiwanda kidogo au kwa vikundi vya akina mama wabanguaji vilivyosajiliwa, na unachukua risiti. Risiti hiyo itunze, ndiyo itakayokusemea siku ukiulizwa njiani. Na nenda mwenyewe ukaone kazi inavyofanyika. Mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi, utawakuta akina mama wamejipaka majivu mikononi ndipo wanashika kinyundo. Kilo moja ya korosho safi imetoka kwenye kilo nne na zaidi za korosho ghafi. Ukishaliona hilo hutabishana nao bei ya ajabu ajabu.

Jambo lingine, jifunze madaraja. Korosho nzima zinaandikwa W180, W240, W320 na kuendelea. Namba inahesabu punje kwenye ratili moja, yaani gramu 454. Namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa na bei iko juu. W320 ina punje 300 mpaka 320 kwa ratili, kwa hiyo nusu kilo ni kama punje 330 hadi 350. Andika daraja kwenye duka lako. Mteja aliyenunua W240 kwa mwenzako akipata W450 kwako atasema umempunja hata kama kilo imetimia. Vipande navyo vinauzwa, tena wapika keki wanavitaka, ila viweke kama bidhaa yake, usivichanganye chini ya mfuko.

#4 Kobe Mpole

Uzi mzuri ila mimi sioni haja ya tovuti. Instagram ipo, WhatsApp ipo, watu wanauza magari humo humo. Hao wanaosema tovuti wengi wao ni mafundi tovuti wanatafuta hela ya kula.

#5 Mchuuzi wa Kusini

Kobe, nusu uko sahihi. Anayeanza leo aanze na WhatsApp Business. Ni bure, ina katalogi: unaweka picha, bei na maelezo, na mteja anajaza kikapu anakutumia. Kwa oda tano sita kwa wiki huhitaji zaidi ya hapo.

Zikiongezeka ndipo utaona. Mmoja kauliza bei saa tano usiku, mwingine kalipa lakini hajataja mtaa, wa tatu anasema "nilikwambia zisizo na chumvi" na wewe unapekua meseji juu chini. Tovuti inakuja kukuondolea hiyo kazi. Mteja anachagua mwenyewe, anaandika anapokaa mwenyewe, anaona gharama ya boda ya eneo lake, analipa, na wewe asubuhi unakuta orodha imekaa sawa. Kama hiyo kazi bado huna, Kobe yuko sahihi, usijenge.

Kwa anayejenga njia ziko mbili kubwa. Shopify, duka lililo tayari unalolikodi, ni rahisi kuanza nayo lakini unalipa kila mwezi kwa dola, oda ziwepo zisiwepo, na malipo ya simu za kwetu hayamo ndani yake, inabidi utafute wa kuyaunganisha. Njia ya pili ni WordPress ya kujengea tovuti na WooCommerce ya kuigeuza duka. Programu zote mbili ni bure, unalipia jina la tovuti na hostingi, yaani nafasi ya kuiweka mtandaoni, kwa mwaka. Kazi yake ni kubwa kidogo mwanzoni lakini kampuni za malipo za hapa zina plagini zake, yaani programu ndogo za kuchomeka, kwa mfano Pesapal. Mimi niko kwenye hii ya pili. Na mtu akitaka kukuuzia cheti cha SSL, kile cha kulinda taarifa za wateja kwenye tovuti, kivyake, muulize kwanza kwa nini asikuwekee cha Let's Encrypt ambacho hakilipiwi. Akibabaika, badilisha fundi.

Kwenye jina la tovuti niwaombe sana: .co.tz isajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako, namba yako. Kuna jamaa yangu wa Masasi alitengenezewa kila kitu na fundi, wakakosana kwa hela ya mwisho, fundi akabaki na jina la tovuti. Jamaa ana lebo elfu moja zimechapishwa zina anwani ambayo haifunguki. Fundi mpe nafasi ya kufanya kazi, ufunguo baki nao wewe.

#6 Mteja Mzoefu

Mimi sio muuzaji, ni mnunuzi tu niko Kigamboni, naomba niwaambie wauzaji wa mikoani mnapotupoteza.

Moja ni "bei njoo inboksi". Sijui mnaficha nini. Nikiona hivyo napita.

Picha ndizo zimezidi. Unakuta korosho nyeupe kama za kwenye kalenda, picha umeitoa Google, pakiti inakuja na vitu vya rangi nyingine. Piga picha zako mwenyewe hata kwa simu ya kawaida. Weka kwenye sahani, pembeni weka sarafu ya mia mbili nione ukubwa wa punje. Inatosha.

Halafu kuna tabia ya kuposti meseji za malipo za wateja kuonyesha kwamba "tunauza". Namba yangu ya simu na jina langu kamili vilikaa kwenye stetasi ya mtu kwa siku nzima. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jamani. Futeni jina na namba au msiposti kabisa.

#7 Mchuuzi wa Kusini

Mteja Mzoefu nakuunga mkono, hasa la picha. Niongeze tu: piga asubuhi karibu na dirisha, chini tandika manila nyeupe, taa ya simu zima. Kisha zipunguze uzito kabla ya kuziweka kwenye tovuti. Picha ya simu inaweza kuwa na MB 4, weka tano kwenye ukurasa mmoja na mteja wa bando la buku atafunga kabla haijafunguka. Kila picha ishushe chini ya KB 200, kwenye simu tofauti haionekani.

#8 Mwana wa Lindi

Nipo Lindi mjini, nauza ufuta na asali ya Liwale. Hapo kwenye malipo naomba tubishane kidogo. Mchuuzi unasema mteja alipe kwanza. Watu wa Dar hawalipi kabla, wameshaumizwa sana. Mimi nawapa walipe wakipokea na mauzo yamepanda.

#9 Mchuuzi wa Kusini

Mwana wa Lindi, mauzo yamepanda, na hela? Mzigo wako umepanda basi Lindi, umeshuka Mbagala, boda kaupeleka Sinza, mteja anasema "leo sipo, lete kesho". Boda anataka hela ya kwenda na ya kurudi. Asali inavumilia, korosho iliyokaangwa haivumilii.

Nilichofanya ni kugawanya. Mteja mpya wa Dar anaweza kulipia usafiri tu kwanza, bidhaa analipa akipokea. Akikataa, mimi sijapoteza boda. Mteja wa mkoa mwingine analipa yote, kwa sababu mzigo wa Arusha ukishakwenda kuurudisha ni hasara tupu. Aliyenunua mara mbili hata hatuulizani, analipa yote mwenyewe.

Kuhusu njia ya kulipia, msipokee kwenye namba binafsi. Chukua lipa namba yenye jina la biashara. Kwanza mteja anapolipa anaona jina lile lile analoliona kwenye duka, moyo unatulia. Pili kuna mchezo: mtu analipa kwenye namba yako ya kawaida, mzigo ukishaondoka anapiga huduma kwa wateja anadai alikosea namba arudishiwe. Unaanza kushughulikia malalamiko badala ya kukaanga korosho. Tatu, hesabu zako za biashara hazichanganyiki na hela ya shangazi aliyekutumia ya matibabu.

Na usimwamini mtu anayekuonyesha meseji. Meseji za kughushi ni nyingi, zina mpaka kumbukumbu namba. Angalia salio lako mwenyewe ndipo pakiti itoke.

#10 Mwana wa Lindi

Hilo la kulipia usafiri kwanza nalichukua. La meseji za kughushi limenikuta, sitaki hata kulielezea.

#11 Mzee wa Kitangari

Wanangu hamjambo. Mimi ni fundi vinyago, mjukuu ndiye ananiandikia hapa. Mnaongea korosho tu. Na sisi wenye vinyago vya mpingo tunaweza kuingia huko mtandaoni? Wazungu walikuwa wanakuja wenyewe, siku hizi wachache.

#12 Mchuuzi wa Kusini

Shikamoo mzee. Hatujambo, tunashukuru mjukuu kwa kutuunganisha na wewe.

Mnaweza, tena bidhaa yenu haiozi. Ila duka lenu linapangwa kitofauti na langu. Mimi pakiti zangu zote zinafanana. Kinyago cha ujamaa cha watu waliobebana hakina pacha, hivyo kila kimoja kinawekwa kama bidhaa yake, idadi moja, kikinunuliwa kinajifuta chenyewe dukani. Mjukuu apige picha pande nne, na moja ya karibu ionyeshe patasi ilivyopita usoni. Aandike urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo. Uzito usiukadirie, mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na usafiri wa nje unalipiwa kwa uzito. Makosa ya kilo moja kwenye EMS ya Posta yanaweza kula faida yote.

Kabla ya kuuza nje pitieni ofisi ya TFS, wale wakala wa misitu, muulize vibali vya mazao ya misitu, msisubiri kuulizwa uwanja wa ndege. Na kwa malipo ya kadi za nje, zile kampuni za malipo nilizozitaja juu zinapokea Visa na Mastercard. Lipa namba haitamsaidia mtu aliyeko Ujerumani.

Mzee, na jina lako lionekane pale. Mnunuzi wa kinyago anataka kujua kimetoka mkono wa nani.

#13 Mzee wa Kitangari

Marahaba. Mjukuu amesema ameelewa, mimi nitamwachia hayo ya kilo. Jina nitaweka na la baba yangu, ndiye aliyenifundisha.

#14 Karani wa Zamani

Naona mmesahau makaratasi. Nimekaa ofisini miaka mingi, niwasaidie kidogo.

TIN, namba ya mlipakodi, mnapata TRA, haina ada, na ukienda utakadiriwa kodi kwa mauzo unayotegemea. Sema ukweli. Jina la biashara ni BRELA, wasajili wa biashara, unaomba kwa mtandao ukiwa na namba ya NIDA. Leseni ya biashara ni halmashauri yako, kwa hapa mjini Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kuuza mtandaoni hakukutoi kwenye leseni, msidanganyane. Na mkataba uliofungwa mtandaoni unatambulika, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ipo tangu 2015. Kwa hiyo ukiandika dukani "tunarudisha hela" ujue umeahidi.

Wa vyakula mnahusika na TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 usajili wa chakula ulitoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ukaenda kwao. Msiogope. Pitieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, Mtwara wapo na Lindi wapo, wanatoa mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho, na mjasiriamali mdogo aliyepitia huko anapunguziwa mzigo wa gharama za alama ya ubora. Lebo iwe na jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na anwani yako. Msimbo pau utauhitaji ukitaka kuingia supamaketi. Kwa kuuza mtandaoni peke yake usianze nao.

#15 Kobe Mpole

Karani umeshusha nondo. Sasa swali langu la kichokozi kwa Mchuuzi. Barabara ikikatika je? Duka la mtandaoni la Mtwara linategemea barabara moja.

#16 Mchuuzi wa Kusini

Sio uchokozi, hilo ni la kweli kabisa. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga, magari yakalala huku na huku. Waliokuwa na haraka wakazunguka Masasi, Tunduru, Songea mpaka Makambako ndipo waitafute Dar. Ukimtumia mtu nusu kilo kwa njia hiyo umemfanyia sadaka. Mwezi huo huo, tarehe 12, mikongo ya intaneti ya baharini nayo ikakatika, tovuti zikawa zinafunguka kwa kusinzia nchi nzima. Duka la mtandaoni likawa halina barabara, halina mtandao.

Wakati ule kilichofanya kazi ni vitu vya kizamani. Malipo ya M-Pesa kwa *150*00# hayahitaji intaneti, na wateja niliokuwa na namba zao niliwatumia SMS za kawaida: barabara imekatika, hela yako ipo, unataka usubiri au nikurudishie? Wengi walisubiri. Kwa hiyo orodha ya wateja na oda iwe na nakala nje ya tovuti, hata kwenye daftari. Na mtu wako wa Dar awe na akiba ndogo ya pakiti ambazo hazijakaangwa, zimefungwa vizuri bila hewa. Nilikuwa na boksi moja Mbagala, ndilo lililonivusha.

Ndege ipo lakini piga hesabu kwanza, kwa bidhaa ya 16,000 haibebi.

Tukiwa hapo kwenye usafiri, kuna basi moja, jina nalihifadhi, walinipotezea boksi zima na ofisi ikaniambia niende nikaulize kondakta. Toka hapo kila boksi napiga picha likiwa juu ya kaunta, stakabadhi ya kifurushi ikiwa juu yake na thamani imeandikwa. Wakikataa kuandika thamani nabeba boksi langu naenda ofisi ya pili. Ofisi za mabasi pale stendi zimepangana, huna sababu ya kubembeleza.

#17 Binti wa Ligula

Nimesoma yote, nimenukuu na kwenye daftari. Mimi nimeamua nitaanza na korosho nusu kilo za chumvi na zisizo na chumvi tu. Siku ya kuzindua ndiyo sijui. Nifanye tangazo la kulipia Instagram siku ya kwanza? Kuna mtu ananishauri nimtumie msanii aniposti.

#18 Mchuuzi wa Kusini

Dada, hela ya msanii nunulia mifuko.

Siku ya kwanza usimtangazie kila mtu. Fungua kwa watu unaowafahamu, ndugu na marafiki walioko Dar, na uweke kikomo: pakiti 20, boksi moja. Walipe hela kamili, bila bei ya undugu, kwa sababu unataka kujua kama duka linafanya kazi. Mzunguko mzima uishe. Oda imeingia, hela imeonekana, umekaanga, boksi limepanda basi, limepokelewa, boda kafika, mteja kafungua mfuko. Kisha wapigie simu uwaulize vitu vidogo: bei ya boda ilikuwa ile uliyoiona? Mfuko ulifika na hewa? Chumvi je?

Kabla hata ya hao, tafuta mtu mwenye simu ya bei ndogo na bando la kawaida, mwambie anunue pakiti moja bila wewe kumwelekeza chochote. Kaa pembeni umwangalie, mdomo umefunga. Utaona anasimama wapi. Wengi wanasimama pale wanapoulizwa anwani kwa mtindo wa Ulaya, mtaa na msimbo wa posta. Sisi tunaelekezana kwa alama. Weka sehemu moja tu iliyoandikwa "Unakaa wapi, karibu na nini?" na nyingine ya namba ya simu. Sehemu zilizobaki ziondoe. Jaribu pia kulipa halafu ukatishe katikati, uone oda inabaki vipi. Kama duka linaandika "imelipwa" wakati hela haijaingia, usifungue mpaka fundi arekebishe.

Tangazo la kulipia liwekee wiki ya tatu au ya nne, hela ndogo, uchague Dar peke yake, mwisho wa mwezi mishahara ikitoka. Na angalia kalenda. Minada huanza karibu Oktoba, korosho mpya zinabanguliwa, na Desemba watu wanatafuta zawadi, maofisi nayo yanaagiza kwa wingi. Kufungua Septemba kunakupa muda wa kurekebisha kabla ya msongamano. Kufungua tarehe 20 Desemba ni kujitafutia lawama, mabasi yamejaa mabegi na boksi lako litalala stendi.

#19 Binti wa Ligula

Mwenye simu ndogo ninaye, mama mdogo yuko Nanyamba. Na pale Mbagala nikikosa mtu wa kuaminika? Sina ndugu huko.

#20 Mteja Mzoefu

Dada yangu, Rangi Tatu pale kuna mawakala wa pesa wana fremu zao, hawahami. Wengine wanapokea vifurushi vya mabasi kwa malipo kidogo. Nenda siku moja uonane naye uso kwa uso, muandikiane, uchukue na nakala ya kitambulisho chake. Boksi la kwanza mpe pakiti chache.

#21 Mchuuzi wa Kusini

Hapo hapo. Na mwanzoni lenga wateja wa upande mmoja, Mbagala, Temeke, Kigamboni. Boda inakuwa fupi. Bunju na Kibaha watakuja mzunguko ukishakaa sawa. Ukikwama kwenye kuweka gharama za boda kwa maeneo ndani ya WooCommerce niandikie, sehemu ile ina vitufe vingi. Msimbo wa posta usiutumie, tengeneza orodha yako ya maeneo mteja achague.

#22 Mwana wa Lindi

Orodha hiyo ya maeneo iweke hapa tuinakili wote, mkuu.

#23 Mchuuzi wa Kusini

Naiweka kesho jioni. Leo Jumatatu, sufuria iko motoni.